Mwezi wa Kifuniko cha Abi Chorol

Ukipita sokoni Leh, huku kwetu Ladakh, siku hizi utaviona vifuniko vya vikombe vya ukoo wetu vimepangwa rafuni, fedha tupu, petali za yungiyungi zimezunguka pande zote, kishikio cha marijani katikati, na ubavuni, peke yake, mwezi mwandamo mdogo. Muulize mwenye duka mwezi huo ni wa nini. Mmoja atakuambia ni baraka ya lama fulani. Mwingine atakuambia ni alama ya wafalme wa zamani. Wa tatu, na huyo ndiye ninayetamani kumbana pua kwa koleo, atakuambia ni mwezi wa wapendanao, kisha atakupandishia bei. Wote waongo. Mwezi ule niliuleta duniani mimi, Tundup wa Chiling, kwa ujinga wangu mwenyewe, na hakuna mtu wa kunisimulia mimi habari zake.

Yote yalianza na vyombo kutoboka.

Sisi mafundi wa Chiling, shayiri ikishavunwa, tulikuwa tunapakia mivukuto na nyundo juu ya punda na kuvuka mlima kwenda kuziba sufuria za watu. Mwaka ule nilipangiwa kijiji cha Mangyu. Nikaweka fuawe yangu karibu na kinu cha maji, na mteja wangu wa kwanza alikuwa msichana mrefu aitwaye Spalzes, amebeba birika la shaba la bibi yake. Birika lilikuwa limelika kitako kwa uzee. Tundu la halali kabisa. Nikaliziba. Yeye akasimama kunitazama, akaniuliza kama najua kwamba masikio yangu huchezacheza ninapogonga nyundo. Nilikuwa sijui. Tangu siku ile nalijua hilo, na linanisumbua mpaka leo.

Kesho yake akaleta sufuria. Kesho kutwa akaleta bakuli. Nikaligeuza lile bakuli juani, nikalitazama tundu lake, duara safi, kingo zimeingia ndani. Nikamwambia hili ni tundu la msumari. Akasema, "Kumbe wewe fundi kweli, umejua," akavuta jiwe akakaa.

Niwe mkweli, sikuharakisha kuziba. Tuliongea habari za mbuzi, za theluji, za shangazi zake, za nani alimpiga nani kwenye sherehe ya mavuno. Kufika siku ya tisa, nyumbani kwa bibi yake hakuna chombo kilichobaki bila kiraka, na kichwani mwangu hakuna akili iliyobaki pia. Nilirudi Chiling nikamwambia baba nataka kuoa. Baba akauliza ni nani. Nilipomtajia nyumba, akaweka nyundo chini. Kwa Abi Chorol? Akasema ningemwambia mapema angenitafutia mjane mpole huko Sumda.

Abi kwetu ni bibi, Abi-le ukimwita kwa heshima, na Abi Chorol ndiye alikuwa bibi yake Spalzes, na ndiye alikuwa nyumba yenyewe. Mama yake Spalzes alishafariki. Baba yake alikuwepo, lakini alikuwa ameoa kwa kuhamia kwao, na mwanamume aliyehamia kwa mkewe hana sauti mbele ya mama mkwe. Yeye kazi yake ilikuwa kuchochea moto na kuitikia kwa kichwa. Kila neno la nyumba ile lilitoka kwa yule kikongwe, aliyekaa kwenye zulia lake karibu na jiko, kikombe chake cha kauri mbele yake, na juu ya kikombe kifuniko chake cha fedha.

Kwetu posa inakwenda na mtungi. Mjomba wa kijana anatangulia amebeba mtungi wa pombe ya shayiri, mdomo wake umepakwa siagi mara tatu kwa ajili ya heri, na skafu nyeupe imefungwa shingoni mwa mtungi. Mnakaribishwa chai. Mnakataa, mnakataa tena, mnakataa mara ya tatu, kisha mnakunywa kama watu waliotoka jangwani. Halafu mjomba anaomba amimine pombe kwenye kikombe cha mkubwa wa nyumba. Akifunua kikombe akanywa, msichana ni wenu. Asipofunua, mnabeba mtungi wenu umejaa vilevile, mnapita nao kijiji kizima, na kila mtu anasikia jinsi unavyobubujika. Mnaruhusiwa kurudi mara ya pili, na mara ya tatu. Mtungi wa tatu ukirudi umejaa, basi tena, shughuli imekwisha, na mkikutana njiani mnaulizana habari za mbuzi tu.

Mjomba wangu Norphel hakuwa fundi. Alikuwa mchunga mbuzi kutoka Sumda, kaka yake mama, na alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Mtungi wa kwanza tulikwenda nao vuli ileile. Akasifu nyumba, akasifu ng'ombe, akasifu hata moshi. Abi Chorol akatusikiliza kwa heshima zote, akahakikisha vikombe vyetu havipungui hata kidole kimoja, na hakugusa kifuniko chake. Tukarudi na mtungi.

Mara ya pili tulipitia juu ya barafu ya mto, katikati ya baridi. Safari hii mjomba aliona atafute jambo jipya la kusifu. Akatupa macho rafuni, akasema, "Abi-le, na hivi vyombo vyako, jinsi vinavyong'aa!"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

"Vyombo gani?" Abi akauliza taratibu. "Hivyo vyenye viraka? Norphel, mimi nimekaa na vyombo hivyo miaka arobaini. Havijawahi kunivujia. Huyu kijana wako akaja siku tisa, vikatoboka kumi na kimoja. Ama mkono wake una nuksi, ama ana msumari kwenye mkono wa joho lake. Sasa nikupe mjukuu, na yeye akamtoboe?"

Damu ilinipanda mpaka kwenye nywele. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na hakuna tusi linaloniuma kama kuambiwa mimi fundi wa hila. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama nyuma ya jiko, mahali msichana anaposhinda siku ya posa bila kusema kitu wala kuinua uso, kama mila inavyotaka. Spalzes alikuwa ameinama, masikio mekundu kama makaa. Ningelisema lile neno moja, msumari, Mangyu nzima ingemtungia nyimbo: binti anayetoboa masufuria ya bibi yake kwa ajili ya mwanamume. Nikalimeza. Lilishuka kwa shida, lakini nililimeza.

Abi alinitazama muda mrefu. Kisha akafanya kitu ambacho siku ile sikukielewa. Alikuwa na kikombe kitupu mbele yake. Akakishika pamoja na kifuniko chake, akakipindua kifudifudi juu ya meza, akakibana kwa kiganja, na ndipo akachomoa kifuniko kwa chini na kunipa. Mjomba alikuwa ameshainua mtungi kidogo. Akaushusha.

"Kimepasuka," Abi akasema. "Majivu yananiingilia kwenye chai. Nitengenezee kingine, kama hiki hiki. Kisizidi, kisipungue. Kama mikono yako ni safi, itaonekana. Kama si safi, nayo itaonekana. Utakileta pamoja na mtungi wa tatu."

Tulipokuwa tunavaa viatu, baba yake Spalzes alininong'oneza kwamba kuna mfanyabiashara wa Saspol mwenye nyumbu wawili na mtoto wa kiume, na kwamba wao wanasubiri tu mtungi wetu wa tatu urudi. Yule mzee alikuwa mtu mwema. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mwaka ule.

Nikarudi Chiling na kile kifuniko kifuani, ndani ya joho, kinanigusa ngozi kwa ubaridi wake njia nzima.

Baba alikitazama mara moja tu. Akasema huu ni mkono wa babu yake. Akanionyesha petali: zote zimelala kidogo kuelekea kushoto, maana babu alikuwa wa mkono wa kushoto, na kila fundi wa kwetu analijua hilo kama anavyojua jina lake. Ufa ulikuwa unatoka ukingoni mpaka karibu na kishikio, na mtu fulani asiye na haya alikuwa ameuziba kwa risasi. Nikamwambia baba nina wazo. Nitachonga joka lizunguke kishikio, na alama zote nane za heri pembeni, samaki, kombe la bahari, mwavuli, fundo lisilo na mwisho, yule bibi azimie mwenyewe.

Baba akaniuliza, "Alisema kisizidi, au hakusema?"

Nikasema alisema.

"Basi joka lako lipeleke kwa mtu mwingine."

Ndipo tukauona mwezi. Ulikuwa ubavuni, kati ya petali mbili, mbali na ufa, umebonyea ndani, mwembamba, umepinda vizuri kama ukucha uliokatwa. Nikaugusa. Baba akaugusa. Katika vifuniko vyote vya babu vilivyopita mikononi mwetu, hakuna kimoja chenye kitu kama kile. Kwa kawaida mwezi unachongwa na jua juu yake, na vinakaa kati, si ubavuni. Huu ulikuwa peke yake, kando, bila jua.

Mnajua mafundi walivyo. Kabla ya chai ya mchana kupoa, karakana yetu ilikuwa imejaa wanaume wanne wazima wanaopokezana kifuniko na kukitazama kwa jicho moja. Mmoja akasema babu ameacha jua makusudi, kwa sababu jua ni kishikio chenyewe, lile marijani jekundu. Tukaguna wote kwa kustaajabu. Mwingine akasema mwezi umewekwa upande ambapo kidole gumba cha mnywaji kinakaa, ili kila anayefunua kikombe aanze kwa kuugusa mwezi. Akakishika kuonyesha, na kweli, kidole chake kiliingia pale sawasawa. Baba machozi yalimlengalenga. Alisema sisi wa leo ni wagonga mabati tu, babu ndiye alikuwa fundi.

Mjomba Norphel alikuwa amekaa mlangoni akila unga wa shayiri. Akaomba naye aone. Akakigeuza, akakirudisha, akasema, "Hapo pamegongwa."

Tulimcheka mpaka mivukuto ikatikisika. Baba alimwambia arudi kwa mbuzi zake, huku ni kazi ya watu wanaoona.

Sikupata kulala vizuri wiki tatu. Nilichukua rupia za zamani alizoziweka mama, nikaziyeyusha, nikapiga fedha mpaka ikawa bati jembamba, nikailaza juu ya utomvu wa moto, uishike isiteleze, na kuanza petali. Kuzilaza kushoto kwa mkono wa kulia ni adhabu, lakini nilizilaza. Ilipofika zamu ya mwezi, nikakwama. Sikuwa na patasi ya umbo lile. Baba hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo Chiling nzima. Upande mmoja wa ule mwezi ulikuwa na kina zaidi kuliko mwingine, ukingo wake ulikuwa laini nje na mkali ndani, na kila nilipoujaribu kwenye bati la shaba ulitoka kama mkunjo wa suruali. Ilinibidi nifue patasi mpya kwa ajili ya mwezi ule mmoja. Siku nne. Siku ya nne nikaupata, sawa na wa babu kabisa, hata ule upande wa kina.

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Niliona haya kuuacha uchi, kazi yote ile. Nikauzungushia vitone vidogovidogo, laini kama mbegu za haradali, kimoja kimoja, mwezi ukae katika fahari yake. Baba alikuja, akaona vitone, akafungua mdomo kunikumbusha habari za kisizidi. Kisha akavitazama tena, akafunga mdomo. Vilikuwa vizuri mno.

Mtungi wa tatu tulikwenda nao barafu ya mto ikiwa imeanza kulia chini ya miguu. Safari hii baba alikuja pia. Nilikuwa na kifuniko kipya kimefungwa kwenye skafu nyeupe, kile cha zamani kifuani, na moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko nyundo. Nilijua kabisa kwamba ikishindikana leo, msimu wa kupanda utamkuta Spalzes Saspol, anapanda nyumbu.

Abi Chorol alikuwa palepale kwenye zulia lake. Kikombe chake kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha mkate mkavu. Spalzes alikuwa palepale nyuma ya jiko, kichwa chini. Tukakataa chai mara tatu, tukainywa. Mjomba akaweka mtungi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusifu kitu. Nikafungua skafu.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakipima uzito. Akaondoa mkate, akafunika kikombe, akafunua, akafunika, akasikiliza mlio wake. Kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wa mjomba ulisogea kuelekea mtungi.

"Mkono huo, Norphel," Abi akasema bila kugeuka, na akaweka kiganja juu ya kikombe.

Akaendelea kukikagua kwa mkono mmoja. Akapitisha kidole juu ya petali, moja moja, akiitikia kwa kichwa kila alipokuta imelala kushoto. Nilianza kupumua. Baba yangu alianza kutabasamu. Kidole kikafika kwenye mwezi, kikasimama.

"Hii ni nini?"

Mimi nikavimba kifua. Nikamweleza yote: kwamba ni mwezi mwandamo, kwamba babu wa baba yangu aliuacha bila jua kwa sababu jua ni kile kishikio chekundu, kwamba ameuweka mahali pa kidole ili mnywaji aanze kwa kuugusa, kwamba ilinibidi nifue patasi maalumu, na kwamba hakuna mtu katika Ladakh nzima mwenye patasi kama ile. Baba akaongeza kwamba wazee wanne wameshauriana.

"Rudia pale pa kidole," Abi akasema.

Nikarudia.

Alianza kwa kukohoa. Nikafikiri amepaliwa. Kisha mabega yakaanza kuruka, kisha kofia ikamwangukia jichoni, na yule kikongwe ambaye kijiji kizima kilimwogopa akacheka mpaka akalalia mto. Aliondoa kile kiganja kwenye kikombe ili afute machozi kwa mikono yote miwili, bado ameshika kifuniko, akakitazama tena kupitia machozi, akaanza upya. Sisi tulikaa kama magunia. Mimi nilikuwa nimeanza kukasirika.

"Mwezi," akasema alipoweza. "Wazee wanne. Kijana, huu ni upawa."

Baba akanyoosha shingo kukichungulia tena kile kifuniko.

"Kile kifuniko cha zamani kilikuwa cha baba yangu," akasema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wa marehemu mume wangu, aliyehamia hapa kwetu baadaye, walileta mtungi wa tatu, na baba yangu amekaa hapa hapa nilipokaa, hafunui. Anaulizwa, hafunui. Mimi nipo kule nyuma ya jiko, nimeinama kama mtoto mwema. Nikaona wanaanza kufunga viatu. Nikachukua upawa wa shaba, nikaja mpaka hapa, nikakigonga kifuniko kwa nguvu zangu zote. Baba akakifunua upesi aone kama kikombe chake kimevunjika. Na mjomba wa mume wangu hakuwa mjinga, alimimina hapohapo. Pombe ikishamiminwa ndani ya kikombe kilicho wazi, utaitoaje? Baba akanywa. Wiki nzima hakusema nami, lakini alikunywa."

Ndipo nikaelewa kwa nini mara ile alikipindua kikombe kabla ya kunipa kifuniko. Nilimtazama mjomba Norphel. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa ng'ombe. Sikumtazama tena siku ile.

Abi alikuwa ameacha kucheka. Kidole chake kilikuwa kimekaa ndani ya mwezi wangu, katikati ya vile vitone.

"Miaka yote nikifunua kikombe nagusa hapa," akasema. "Mafundi wamepita, wameomba kupanyoosha. Nimewafukuza. Huyu hakupanyoosha, amepafanya pambo. Mikono yake haina kasoro, hilo nimeliona. Kama vyombo vyangu vilitoboka, si yeye. Lakini bado sinywi."

"Kwa nini, Abi-le?" baba yangu akauliza.

"Kwa sababu mmekuja mara tatu, mmenieleza anachotaka kijana, anachotaka baba yake, anachotaka mjomba. Wa Saspol nao watakuja kunieleza hayohayo. Huyu wangu je? Miezi yote hii yupo nyuma ya jiko kama kuni. Mimi nimpeleke mtoto ng'ambo ya mlima, nibaki peke yangu na huyu mchochea moto, na sijui hata kama anataka kwenda?"

Baba yake Spalzes aliacha kuchochea. Nilikuwa nimeshajua kwamba mambo yameharibika. Hakuna msichana anayeongea siku ya posa yake, ni aibu ya mwaka. Nikaanza kutafuta kiatu changu kwa mkono.

Nikasikia chuma kikikwaruza ukutani. Spalzes alikuwa ameutoa upawa kwenye msumari wake.

Alikuja taratibu, amenyooka, uso umeiva, masikio yameiva, akasimama mbele ya bibi yake. Abi akakikumbatia kifuniko kipya kifuani kwa mikono miwili.

"Usinipige hiki," akasema, "kina wiki moja tu duniani."

"Abi-le," Spalzes akasema, "masufuria nilitoboa mimi. Birika la kwanza lilikuwa bovu lenyewe. Yale mengine kumi nilitumia msumari huu huu wa upawa. Kila asubuhi nilikuwa nauchomoa, na kila jioni naurudisha."

Kisha akafunua mtungi wetu, akachota pombe kwa upawa, akaimimina ndani ya kikombe cha bibi yake mpaka ikafika ukingoni, na hakumwaga hata tone.

Abi Chorol alikitazama kikombe. Akautazama ukuta, mahali pa ule msumari. Akanitazama mimi.

"Na wewe ulijua," akaniambia. "Nilikuita fundi wa hila mbele ya watu, na ulikuwa unajua."

Nikasema nilijua tangu bakuli.

Akainua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakishusha. Machozi yalikuwa yamerudi, na safari hii hakuwa anacheka. Akanywa tena. Spalzes akajaza, kama inavyotakiwa, na akaendelea kusimama pale na upawa mkononi akilia na kucheka pamoja, na mimi nikagundua kwamba nimevaa kiatu kimoja.

Hivyo ndivyo nilivyooa. Siku ya harusi Abi alimpa Spalzes kile kifuniko cha zamani chenye ufa, na kile changu alikitumia mpaka alipofariki, miaka kumi na mmoja baadaye. Walioona mwezi wangu kwake wakaja kuagiza kama huo. Baba, ambaye kwa aibu ya siku ile aliapa hatachonga mwezi mpaka anakufa, alichonga mia na zaidi. Mjomba Norphel, kila alipoingia karakana yetu, hata kama tunaongea habari za theluji, alikuwa hatoki kabla hajasema kwamba yeye alituambia pamegongwa.

Sasa nakimaliza kisa hiki, maana nina shughuli. Keshokutwa wanakuja watu wa Basgo na mtungi wa tatu, kwa ajili ya binti yetu Kunzes. Kijana ni dereva wa lori. Mimi simpendi. Lori lake limeharibika mara nne mwaka huu, na mara zote nne limeharibika mbele ya mlango wetu, na dereva wa namna hiyo ataleta nini nyumbani? Mitungi yao miwili nimeirudisha imejaa. Nimeng'arisha kifuniko changu, na nina nia ya kukiacha kikae mahali pake.

Lakini leo asubuhi nilipoamka nimekuta upawa haupo kwenye msumari wake wa siku zote karibu na dirisha. Umetundikwa nyuma ya jiko, pale anapokaa Kunzes siku za posa. Nikamuuliza Spalzes nani ameuhamisha. Akaendelea kukanda unga, akaniambia masikio yangu yanachezacheza.